Dhabihu Inayogharimiwa na Mtu Mwingine

Hakuna anayeweza kuwashtaki Wakristo wa Nakuru, Kisumu au Kakamega kwamba wanaogopa kutaabika kwa ajili ya imani yao. Kila Januari makanisa mengi ya Kipentekoste hutangaza mfungo wa siku 21, na mengine huuendeleza hadi siku 40. Mapango ya kreta ya Menengai huwapokea watu wanaokwenda kufunga na kuomba kwa siku kadhaa, wengine wakiwa hawana kitu mkononi ila Biblia na chupa ya maji. Mwanzoni mwa Oktoba Wakatoliki hufurika katika kituo cha kitaifa cha hija kule Subukia kwa siku yao ya maombi, na mwezi Mei makundi ya mahujaji huvuka mpaka wa Busia na Malaba kwa miguu ili wafike Namugongo, mahali pa kumbukumbu ya mashahidi wa Uganda, kabla ya tarehe 3 Juni. Mtu akiongeza makesha ya kila Ijumaa, ataona kwamba bidii ipo, tena tele. Wale wanaoandika kila mwaka kuwa Wakristo wa siku hizi ni wavivu wa kiroho sidhani wamewahi kukaa katika kesha mtaani Kondele, Kisumu, hadi saa kumi na moja alfajiri.

Swali ninaloliona zito zaidi ni hili: bidii hiyo inamkuza nani, na gharama yake inalipwa na nani? Nayaona maswali hayo mawili kuwa yamefungamana, kwa sababu jitihada za kiroho humkuza mtu kwa kadiri anavyozigharimia yeye mwenyewe. Zikigharimiwa na jamaa wa nyumbani kwake, huweza kumpa sifa, jina na hata cheo kanisani, lakini tabia yake huiacha pale pale ilipokuwa.

Kabla ya kulifuata swali hilo, ni lazima kuliondoa kikwazo cha zamani. Kuna mahubiri yanayosema kwamba kutaja bidii ni kuitukana neema, na kwamba Mkristo hana la kufanya ila kupokea. Mahubiri hayo yana chembe ya kweli ndani yake. Waefeso 2 inasema wazi kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu yeyote asije akajisifu. Hata hivyo, Paulo aliyeandika hayo ndiye aliyewaambia Wafilipi, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka," na bila kuvuta pumzi akaongeza kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Na kwa Wakorintho, baada ya kukiri kwamba kwa neema ya Mungu yuko hivyo alivyo, anasema alizidi sana kufanya kazi kupita mitume wote, kisha anajisahihisha: si yeye, bali ni neema iliyo pamoja naye. Mtu anayetafuta katika maneno hayo mpaka unaotenganisha kazi ya Mungu na kazi ya mwanadamu hataupata, kwa sababu Paulo hakuuweka.

Kanisa lilibishana juu ya jambo hili mapema. Mwanzoni mwa karne ya 5 Pelagio alifundisha kwamba mwanadamu anaweza, kwa uwezo wa hiari yake, kuzishika amri za Mungu, naye Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, akampinga vikali hadi mafundisho hayo yakakataliwa katika mtaguso wa Karthago mwaka 418. Wengi hukumbuka kwamba Augustino aliitetea neema, wakasahau kwamba mtetezi huyo aliishi na makasisi wake kwa kanuni ya kitawa, bila mali binafsi. Martin Luther naye hutajwa kama shahidi mkuu wa wasiotaka kusikia habari za bidii, ilhali hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 alizozitoa mwaka 1517 inasema Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Maisha yote, si dakika tano za kuinua mkono wakati kwaya inaimba polepole. Watetezi wakubwa wa neema, basi, hawakuwa watu wa kukaa tu. Walichokataa ni mtu kuifanya bidii yake kuwa fedha ya kumnunua Mungu.

Na hapo ndipo nionapo ajabu ya mahubiri mengi ya kwetu. Yanasema baraka ni za bure, kisha yanamwambia msikilizaji apande mbegu, yaani atume sadaka, kwa simu kabla ibada haijakwisha. Anayekataa bidii kama njia ya kukua anairudisha kupitia mlango wa nyuma kama bei. Siku 21 za njaa zinatajwa sambamba na kazi, gari, mume au viza, kana kwamba kuna ankara mbinguni inayosubiri kulipwa. Mfungo wa namna hiyo unaweza kukamilishwa bila aliyefunga kubadilika hata kidogo, kwa sababu haukukusudiwa kumbadilisha. Ulikusudiwa kuzibadilisha hali zake. Mwisho wa Januari anarudi kwa majirani wale wale akiwa na hasira ile ile, na kwa kuwa sasa anajihesabu kuwa mtu wa maombi, pengine hasira yenyewe imepata haki mpya.

Paulo alipotafuta mfano wa kuwaeleza Wakorintho jambo hili, alichukua mbio, maana karibu na mji wao palifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili. Mkazi wa Iten au Kaptagat, wanakofanyia mazoezi wanariadha wetu, hahitaji kufasiriwa mfano huo. Dunia nzima ilimtazama Eliud Kipchoge mjini Vienna, Oktoba 2019, akikamilisha kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, lakini hakuna umati uliojipanga kumshangilia katika mamia ya alfajiri alizokimbia kwenye barabara za vumbi za Kaptagat, na alfajiri hizo ndizo zilizomfikisha Vienna. Mifungo yetu mikubwa na makesha ya kufunga mwaka yanafanana zaidi na siku ya mashindano: yana umati, yana matangazo, yana mwisho unaojulikana. Mazoezi ni kitu kingine. Ni kuzuia ulimi leo, na kesho tena, mbele ya mtu yule yule anayeudhi. Ni kulipa deni dogo ambalo mdai mwenyewe amelisahau. Ni kuomba Jumanne asubuhi wakati moyo umekauka na hakuna kinanda. Timotheo aliambiwa ajizoeze kupata utauwa, na kujizoeza hakufanywi kwa msimu.

Katika mlango ule ule wa barua kwa Wakorintho, Paulo anasema, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha." Ni mwili wake. Hakusema anautesa mwili wa mke, wa mtoto wala wa mfanyakazi.

Najua kwamba jambo hilo linaonekana dogo mno kuwekewa mkazo. Lakini tuiangalie nyumba ya Mkristo mwenye bidii kama tunavyoijua. Baba ameamua kupanda Menengai kwa juma zima kutafuta uso wa Mungu, na karo ya muhula bado haijalipwa. Anayekwenda kumwomba mwalimu mkuu muda zaidi ni mama. Mama naye, katika nyumba nyingine, ameahidi kiasi kikubwa katika ujenzi wa kanisa, na fedha zinazotoka ni zile alizokuwa akiwekewa na wenzake wa chama kwa ajili ya biashara yake ya mboga sokoni Kibuye, kwa hiyo watakaosubiri ni wanachama wenzake. Mwenye duka ni mzee wa kanisa, hakosi ibada ya katikati ya juma, na anaweza kuhudhuria kwa sababu msichana wa kazi hajapewa hata siku moja ya mapumziko tangu Pasaka. Kila mmoja wa watu hao amejitoa, kama tunavyosema. Ila ukifuata gharama inakoangukia, utaikuta mezani pa mtu asiyetajwa wakati wa ushuhuda.

Biblia ina neno la kuwakemea watu hao, na ni kali kuliko mahubiri mengi yanavyothubutu kuwa. Katika Marko 7 Yesu anawashutumu walioruhusu mtu awaambie wazazi wake kwamba kile ambacho kingewasaidia ni korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Sadaka ilikuwa halisi. Lakini aliyeilipa ni mama mzee ambaye sasa hakuwa na wa kumtunza, na Yesu akasema kwamba kwa njia hiyo wamelitangua neno la Mungu. Liweke simulizi hilo kando ya lile la Daudi katika 2 Samweli 24. Arauna Myebusi alikuwa tayari kumpa mfalme uwanja wa kupuria, ng'ombe na kuni, vyote bure, ili dhabihu itolewe na tauni ikome. Daudi akakataa, akasema hatamtolea Bwana sadaka za kuteketezwa asizozigharimia, akalipa shekeli 50 za fedha. Alikuwa mfalme, na angeweza kuchukua bila kuulizwa. Zaidi ya hayo, tauni yenyewe ilitokana na kosa lake la kuwahesabu watu, na waliokufa walikuwa watu wake. Labda kwa sababu hiyo hakustahimili kuona mtu mwingine akilipa tena kwa ajili yake.

Mahali ambapo gharama huwaangukia wasioweza kukataa, mambo yanaweza kufika mbali kuliko mtu anavyodhani. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Hakuna uwiano kati ya jambo hilo na mfungo wa kawaida wa Januari, na sipendi mtindo wa kuwatisha waumini wote kwa jina la Shakahola. Ninalitaja kwa sababu moja tu: mtoto hawezi kujitoa dhabihu. Anaweza tu kutolewa.

Eneo letu lina historia ya bidii ya namna nyingine, ambayo vijana wengi hawaifahamu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na katika Uganda kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na miaka ya 1930, ulifika Nyanza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kutikisa kanisa la Kianglikana. Katika majumba ya ibada na makongamano ya Uamsho watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakiimba Tukutendereza Yesu katika Kiganda ambacho wengi hawakukizungumza. Lakini kilichowashangaza majirani, na hata wasimamizi wa serikali ya kikoloni, ni kile kilichofuata: watu walirudisha walichoiba, wakalipa walichokuwa wamedhulumu, wakaenda kuwaomba msamaha waliowakosea, wakiwamo wale waliokuwa wakiwadharau. Ng'ombe aliyerudishwa alitoka katika zizi la aliyeungama mwenyewe. Ilikuwa toba inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi, na aliyekuwa akihesabiwa ni mwenye kutubu. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo na wengine wakauawa kwa sababu hiyo, huku wengi wao wakikataa pia kushika bunduki za serikali. Mtu anaweza kubishana na msimamo wao wa kisiasa. Hawezi kusema walimtoza mtu mwingine gharama yake.

Sitaki kuufanya Uamsho kuwa bustani ya Edeni. Bidii yake ilizaa pia ukaguzi wa jirani: nani ameungama vya kutosha, nani anatembea nuruni, nani amepoa. Nyanza ya Kati iligawanyika juu ya mambo hayo. Joremo, watu wa Uamsho, walisimama upande mmoja, na Johera, waliolalamika kwamba upendo umesahauliwa, walisimama upande wa pili, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka katika kanisa la Kianglikana na kuanzisha Church of Christ in Africa. Sababu za mgawanyiko zilikuwa nyingi, na uongozi wa wamishonari ulikuwa mojawapo. Bado somo moja halikwepeki: nidhamu ambayo mtu alijipa mwenyewe iliwahuisha watu, na nidhamu hiyo hiyo, ilipogeuzwa kuwa kipimo cha kuwapimia wengine, iliwachosha. Tena ni gharama iliyohamishwa. Aliyeungama mwanzo alilipa, aliyefuata alilipishwa.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Kama kukua kwa kiroho kunahitaji mazoezi marefu, tutasemaje juu ya mashahidi wa Uganda? Wengi wao walikuwa wavulana na vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na baadhi walibatizwa siku chache tu kabla ya kufa. Kizito, aliyekuwa na miaka ipatayo 14, alibatizwa na Karoli Lwanga walipokuwa wakisubiri hukumu, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa Namugongo. Hakuna mazoezi ya miaka mingi hapo. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na hata siku moja. Jibu langu si kamili. Naona kwamba neema haifungwi na ratiba yetu, na kwamba Mungu anaweza kumpa mtu kwa saa moja kile ambacho wengine hukihangaikia miaka 40. Lakini wengi wetu hatutaitwa Namugongo. Tutaitwa kuishi na wakwe, na wadeni, na miguu inayouma, hadi uzee. Mvulana aliyepewa ujasiri kwa siku moja alipewa kilichohitajika kwa siku hiyo. Anayehitaji subira ya miongo hupewa nayo pia, ila kwa vipimo vya kila siku, na kila kipimo lazima kipokewe kwa mkono unaofanya kazi.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, nalo ni la haki zaidi. Watu wengi wa eneo hili hawakuwahi kuchagua dhabihu yao. Ukimwi ulipoivamia Nyanza katika miaka ya 1990, mzigo wa yatima uliwaangukia bibi vizee ambao walitarajia kutunzwa, nao wakaanza upya kutafuta sare za shule na unga. Kusema kwamba walijitoa kwa hiari ni kuwapamba kwa maneno ambayo huenda wao wenyewe wangeyakataa. Walikuta watoto mlangoni. Je, mzigo uliolazimishwa unaweza kumkuza mtu kiroho? Nikitafuta katika Injili namkuta Simoni Mkirene, Mwafrika kutoka nchi ya Libya ya leo, aliyekuwa akipita tu akitoka shambani, askari wakamshurutisha auchukue msalaba. Hakujitolea. Lakini Marko anawataja wanawe, Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake wanawafahamu, jambo linalowafanya wafafanuzi wengi waamini kwamba jamaa hiyo ilikuwa ndani ya kanisa. Kazi iliyoanza kwa shuruti inaweza kukubaliwa njiani. Ila kukubali huko ni kwa mbebaji kutangaza. Mchungaji anayemwambia bibi wa Siaya kwamba mateso yake ni mpango wa kumkuza, na hampi hata mfuko mmoja wa mahindi, amejipa ruhusa asiyokuwa nayo.

Nikirudi kwenye mfungo, sioni haja ya kuufuta. Mtu aliyefunga vizuri hujifunza kwamba tamaa inaweza kuambiwa hapana na dunia isianguke, na somo hilo halipatikani vitabuni. Kinachokosekana ni hesabu. Katika kanisa la Roma la karne ya 2 waumini walifundishwa kwamba siku ya kufunga wakadirie thamani ya chakula ambacho wangekila, na kiasi hicho wampe mjane, yatima au mhitaji. Isaya 58 ilikuwa imekwisha kusema kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kuwagawia wenye njaa chakula, huku ikiwakemea waliofunga na siku hiyo hiyo kuwalemea wafanyakazi wao. Kampeni ya Kwaresima ya Kanisa Katoliki nchini inalikaribia wazo hilo, kwa kuwa inaambatana na mchango, ingawa katika parokia nyingi bahasha hurudi ikiwa na sarafu zilizobaki mfukoni, jambo ambalo halina uhusiano wowote na chakula ambacho hakikuliwa.

Basi Januari ijayo, kanisa la Kisumu au la Nakuru litakapotangaza siku 21, mzee wa kanisa anaweza kusimama mbele ya tangazo hilo na kuuliza mambo matatu tu. Bei ya mlo wa mchana katika mtaa huu ni shilingi ngapi, na mara 21 ni ngapi, na zinapelekwa kwa nani kwa jina? Nani atakayebaki na watoto wakati wazazi wote wawili wako kwenye kesha, na je, mtu huyo amelipwa? Na mwisho, kuna yeyote kati ya watakaofunga anayedaiwa mshahara na mfanyakazi wake wa nyumbani au wa shambani? Swali la tatu liulizwe kwa sauti, kabla ya sadaka kukusanywa, na wanaohusika wapewe nafasi ya kutoka nje kwenda kulipa.